Kona za Sanduku

Mjomba wangu, seremala wa Shinyanga mjini, alipokabidhiwa sanduku la fundi mwingine hakuangalia maua ya kifuniko. Aliangalia kona. Mbao zake zilikuwa za mninga, na hazikutoka karibu. Shinyanga ilikuwa imefyekwa miti tangu enzi za mkoloni, kufukuza mbung'o na kupisha pamba, hadi mwaka 1986 ulipoanza mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI na ngitili za wazee, maeneo ya malisho na miti yaliyotengwa, zikaanza kufufuka. Mninga ulikuja kwa lori kutoka misitu ya Kahama na Tabora, kwa hiyo ubao haukuchezewa. Alipiga randa, akachora meno ya kona kwa penseli, akayachonga kwa patasi moja baada ya jingine. Sanduku la bibi harusi la kuwekea khanga lilikula wiki nzima.

Nilipohamia Geita nilikuta fedha ya mgodi uliofunguliwa mwaka 2000 imeshaunenepesha mji. Sendofu na kichen pati zilitaka zawadi za haraka. Soko la Madini lilipofunguliwa Machi 2019, madalali wa dhahabu nao wakataka visanduku vya mizani vyenye majina yao. Kwenye karakana za mihuri na ngao ndiko nilikoiona leza kwa mara ya kwanza.

Mwali wake hauonekani. Unazaliwa ndani ya bomba la kioo lenye gesi ya kaboni dayoksaidi, unarushwa na vioo hadi kwenye lenzi, kisha unaunguza njia yake ndani ya mbao. Njia hiyo ina upana, kati ya milimita 0.1 na 0.3 hivi, na hapo ndipo ufundi ulipohamia. Ukichora jino sawasawa na nafasi yake, sanduku litalegea. Lazima jino lizidi kidogo kwenye mchoro ili likiingia ling'ang'anie. Ubao ukibadilika, unajaribu upya kwenye kipande cha taka.

Mjomba alipokuja kunitembelea alinusa ukingo mweusi wa sanduku nililolikata kwa leza, akabana kona kwa vidole, akauliza, "Mjomba, gundi iko wapi?" Nikamwambia hamna. Alilirudisha mezani bila neno, kisha akalichukua tena.

Wanaosema mashine imeua mkono sikubaliani nao. Ninachoilalamikia ni mbao. Leza ndogo hushindwa na mninga mnene. Inataka plaiwudi ya milimita 3 au MDF, vitu vinavyofumuka vikilowa. Sanduku la mjomba hurithiwa na mjukuu. Haya yetu, sijui kama yatavuka masika kadhaa.

Siku hizi napasulisha mninga wa Kahama uwe mwembamba, kwa ajili ya kifuniko tu. Pande zinabaki plaiwudi. Mninga unakatika polepole na ukingo wake unahitaji msasa mwingi, hivyo bei inapanda. Watu wa sendofu husikia bei wakachagua plaiwudi tupu. Madalali wa dhahabu hawabishi.