Sanduku la Nyuma ya Gari



Juma hili tunaomba mtuvumilie, maana tunaandika juu ya mbao, boliti na mikanda. Wengi wenu hapa Igurwa mmetuona tukishinda na fundi seremala nyuma ya nyumba ya mapadre, gari la parokia likiwa limefunguliwa milango yote, na baadhi yenu mmekwisha kuuliza kama tunajenga kigango kipya ndani ya Land Cruiser. La, hasha. Tunajenga mahali pa kuwekea vyombo vya kambi ya vijana.

Mwaka jana tuliwachukua vijana wa VIWAWA kwenda kupiga kambi upande wa Rumanyika-Karagwe, lile pori la akiba lililopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Tulipakia kama tulivyozoea: masufuria, mahema, gunia la mkaa, mikungu ya ndizi na madumu ya maji, vyote vikarundikwa katikati, na vijana wakaketi kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, miguu yao juu ya mzigo. Usukani tulikuwa nao sisi. Katika mteremko mmoja wa changarawe mbuzi walikatiza barabara. Tukakanyaga breki, na gari likasimama vizuri kabisa. Mzigo haukusimama. Dumu la lita 20 lililokuwa juu ya rundo liliruka mbele na kumpata begani binti mmoja wa miaka 16, mtulinga ukavunjika. Kambi iliishia pale pale. Binti alifungwa mkono kwa majuma sita, nayo yalikuwa majuma ya kuvuna maharage nyumbani kwao.

Tulikwenda kumwomba radhi mama yake. Hakutulaumu, na pengine ingekuwa nafuu kama angetulaumu. Alitutilia chai, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, watoto mliwaketisha. Vyombo ndivyo mlivyoviacha vimesimama."

Hesabu ya jambo hili si ngumu, na mwalimu wa fizikia alitusaidia kuipiga. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya mita moja, kamba inayolishikilia dumu hilo inapaswa kuhimili mvuto unaolingana na uzito wa kilo 280 hivi. Sisi hatukuwa na kamba yoyote. Breki tuliyoikanyaga siku ile ilikuwa ya upole sana ukiilinganisha na ajali ya namna hiyo, na hata hivyo ilitosha kuvunja mfupa.

Basi vijana walituletea picha za magari ya watu wa Australia na Afrika Kusini wanaosafiri majuma mengi porini. Sakafu yote ya nyuma imejengwa droo ndefu zinazoteleza kwenye reli za chuma, na juu yake pamewekwa ubao wa kulalia. Ni kazi nzuri, tunakiri kwamba tuliitamani. Fundi alichukua vipimo, akatukadiria plaiwudi mbili za milimita 18. Plaiwudi moja ya namna hiyo ina kilo 30 au zaidi, na hapo hujagusa reli wala bawaba. Gari lingebeba uzito wa mtu mzima kabla hatujapakia hata kijiko.

Aliyetusimamisha ni mzee mmoja wa halmashauri ya walei. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akauliza, "Baba Paroko, na mgonjwa atalala wapi?"

Wasomaji wa mbali huenda wasielewe uzito wa swali hilo. Gari la parokia kijijini halina kazi moja. Mchana hubeba sanduku la misa na simenti. Usiku hubeba mama mwenye uchungu wa uzazi kwenda hospitali ya Nyakahanga, na siku nyingine, kwa huzuni, hubeba jeneza. Wala si bahati mbaya ikawa hivyo. Shirika la MIVA, ambalo limezisaidia misheni nyingi duniani kupata vyombo vya usafiri, lilianzishwa Ujerumani mwaka 1927 na Padre Paul Schulte baada ya mmisionari rafiki yake kufariki huku Afrika kwa kukosa usafiri wa kumfikisha hospitali mapema. Sisi tulikuwa tunataka kujaza droo mahali hasa pa mgonjwa.

Na Karagwe ni mahali pa ajabu pa kulisahau hilo. Mzungu Grant, aliyefika hapa na Speke mwishoni mwa mwaka 1861, alishikwa na maradhi ya mguu akabaki kwa Mfalme Rumanyika miezi kadhaa, hata Aprili 1862 akaondoka kuelekea Buganda akiwa amebebwa na watu kwa machela. Zama hizohizo wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na kila kilichofika pale kilikuja mabegani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, umefungwa barabara ili mtu mmoja aweze kuutua na kuuinua. Wale hawakuwa na sanduku la kudumu mahali popote. Walikuwa na mizigo inayoondoka. Tulipomweleza fundi habari hiyo alicheka, akasema ndivyo alivyotaka kutushauri tangu mwanzo, ila aliona tumekwisha kuzipenda droo.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Benchi la kushoto limeng'olewa. Mahali pake pamewekwa fremu nyembamba ya mbao za paini, na ndani yake masanduku manne ya plaiwudi ya milimita 12, kila moja likijaa lisizidi kilo 25. Upande wa kulia benchi lake hukunjwa juu, na sakafu inayobaki inapokea godoro la futi mbili na nusu kwa sita. Tumelipima kwa godoro lenyewe, si kwa tepu.

Fremu imefungwa kwa boliti za spana namba 17 katika matundu yaleyale yaliyoshika benchi. Tunalisisitiza hilo kwa yeyote atakayetaka kutuiga: chini ya sakafu ya magari ya namna hii kuna tangi la dizeli, na fundi anayetoboa kabla ya kuchungulia chini atakuja kujuta. Kila sanduku hukazwa kwa mkanda wake, na mkanda hushikwa na chuma cha gari. Usiufunge kwenye ubao, kwani ubao hupasuka. Maji, kwa kuwa ndiyo mazito kuliko vyote, hukaa chini kabisa, karibu na viti vya mbele. Mahema, ambayo ni mepesi, hukaa juu. Zamani tulipandisha madumu kwenye keria ili kupata nafasi, na tulishangaa kwa nini gari linayumba kwenye kona za mlimani! Mtungi mdogo wa gesi husimama wima mlangoni, umefungwa koki na kukazwa kwa mkanda, madirisha yakiwa wazi. Dizeli ya akiba haiingii ndani kamwe. Sanduku la huduma ya kwanza halikai chini ya kitu chochote.

Kuhusu kelele, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vilivyowekwa chini ya kila sanduku vimesaidia sana. Kuhusu vumbi jekundu, bado linatushinda.

Gharama ipo, nayo si ya mbao tu. Nyuma walikuwa wakiketi vijana kumi. Sasa ni watano. Wengine itabidi tuwakodie Noah, na kamati ya vijana imetuambia waziwazi kwamba sanduku limewanyang'anya viti. Hatuna jibu la kuwafurahisha. Tumewaonyesha bega la mwenzao.

Juma lililopita, kabla rangi haijakauka vizuri, simu ililia saa nane usiku. Mama kijana, mimba ya kwanza, uchungu tangu magharibi. Masanduku mawili yalikuwa tayari yamejazwa masufuria kwa majaribio, na hatukuwa na muda wa kuyashusha. Tulitandika godoro, mama akalala, mume akaketi mbele pamoja nasi. Tulikwenda polepole, na katika mashimo yote yale hatukusikia sufuria hata moja ikihama. Mtoto alizaliwa hospitalini alfajiri, wa kike.

Tulipofungua milango ya nyuma kule Nyakahanga ndipo tulipoona kwamba mama mkwe alikuwa amesafiri njia nzima juu ya kifuniko cha sanduku, mahali tulipokataza mtu yeyote asikae, mkono mmoja umemshika mkwewe na mwingine umeshika mkanda wa masufuria. Katika vipimo vyetu vyote hatukumwazia msindikizaji. Fundi anarudi Jumatatu, na kambi tumeisogeza mbele kwa majuma mawili.