Matone Mangapi kwa Ndoo Moja?

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1997, na matokeo yalipotoka, kemia ndilo somo lililonipa alama ya juu kuliko mengine yote. Ndugu msomaji usidhani najisifu, kwa maana habari inayofuata ni ya aibu, na nimekaa nayo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka huohuo kipindupindu kilienea katika sehemu nyingi za nchi. Mtaani kwetu hakuna aliyekiamini tena kisima. Jioni moja mama yangu, mfanyabiashara mdogo wa khanga, aliweka mbele yangu ndoo ya lita 20 na chupa ya klorini, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Alikuwa amesikia kwamba inaua vijidudu. Akaniuliza: "Baba, wewe ndiye mwenye kemia humu ndani. Nitie matone mangapi?"

Niliisoma lebo. Iliandikwa asilimia 3.5. Kichwani nilikuwa na kanuni zote: idadi ya moli ni masi kugawanya kwa masi ya moli moja, ukolezi ni moli kugawanya kwa ujazo. Ningeweza kuziandika usiku wa manane nikiwa nimefumba macho. Lakini baina ya kanuni zile na ndoo ile sikuona njia. Nikamwambia, "Chemsha tu, mama." Mkaa ulikuwa ghali, naye alilijua hilo kuliko mimi. Akainua ndoo yake na kusema taratibu, "Kumbe kemia mnayosoma ni ya maji mengine."

Leo nina shahada ya uzamivu, japo si ya kemia. Nafundisha masuala ya sera na utawala. Hata hivyo swali la mama limenifuata hadi darasani, na naomba kulijibu hapa hadharani, kwa kuwa ugumu wake haukuwa ule niliodhani.

Tuanze na moli, dhana iliyowatoa machozi wanafunzi wengi. Moli ni jina la idadi, kama korja lilivyo jina la vitu 20. Tofauti ni kwamba moli ni idadi kubwa mno: tangu mwaka 2019 imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³. Atomu na molekuli ni ndogo kiasi kwamba hakuna awezaye kuzihesabu moja moja, kwa hiyo wakemia hufanya afanyavyo muuza misumari. Yeye hahesabu misumari; huipima kwa kilo, na fundi aujuaye uzito wa msumari mmoja hukisia idadi yake. Moli moja ya maji ina uzito wa gramu 18 hivi, kiasi kisichojaza hata kikombe cha kahawa. Mama yangu alihesabu kwa korja kila siku ya Mungu. Laiti mwalimu wangu angeanzia sokoni kwake, ningeelewa kwa dakika kumi jambo nililolikariri kwa miaka miwili.

Sasa turudi kwenye ndoo. Kutibu maji maangavu, kiasi kinachotumika sana ni miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Ndoo ya lita 20 inahitaji 2 × 20, yaani miligramu 40. Dawa ya asilimia 3.5 ina takribani gramu 3.5 za klorini katika kila mililita 100, sawa na miligramu 35 katika kila mililita moja. Basi 40 ÷ 35 ni mililita 1.14. Tukichukulia kwamba mililita moja ni matone 20 hivi, jibu la mama lilikuwa matone 23, kisha maji yafunikwe na kusubiriwa kwa nusu saa. Dawa yenyewe iwe isiyotiwa manukato wala sabuni. Maji yakiwa na tope huchujwa kwanza, na dawa huongezwa mara mbili.

Hesabu nzima ni kuzidisha mara moja na kugawanya mara mbili tatu. Mtoto wa darasa la saba anaiweza. Kilichonishinda mimi hakikuwa hesabu. Sikuwa nimewahi kufundishwa kwamba asilimia iliyoandikwa kwenye chupa ni sentensi yenye maana, inayosema kuna kiasi gani cha kitu ndani ya kiasi gani cha kingine.

Katika semina za mwaka wa kwanza hurudia jaribio hili na vijana waliosoma sayansi. Nikiliandika swali kwa Kiingereza, kwa alama zile zile za kitabuni, wengi hulimaliza upesi. Nikilisema kwa Kiswahili, nikataja ndoo na chupa, ukimya hutanda. Vijana hawa walisoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza mlango ukafungwa nyuma yao na mwingine ukafunguliwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni maarifa yanayoishi katika lugha ya mtihani na yasiyovuka kizingiti cha jiko. Haisemwi kwamba Kiswahili hakina maneno: atomu, molekuli, ukolezi na mmenyuko tunayo siku nyingi, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI mwaka 1990.

Kwa nini jambo hili ni la siasa? Kwa sababu ukolezi huamuliwa ofisini na hunywewa kijijini. Maeneo ya mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, yenye miamba ya volkano, yana maji yenye floridi nyingi. Floridi ikizidi hutia meno madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi huweza kuharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchini mwetu, kuanzia miaka ya 1970, kilitumika kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa kuwa vyanzo mbadala vilikuwa adimu. Baadaye kilishushwa hadi 4, kisha 1.5. Sababu ile ilikuwa na uzito wake, wala sikusudii kumhukumu mtu. Lakini hebu tupige hesabu ya mama: anywaye lita 2 kwa siku, kwa kiwango kimoja hupata miligramu 3, kwa kingine 16. Raia asiyeweza kuzidisha namba hizo hana namna ya kuuliza swali katika mkutano wa kijiji. Ataambiwa maji yako ndani ya kiwango, naye ataitikia.

Kwa hiyo, enyi watumishi wa umma mnaoandika matangazo, andikeni ukolezi pamoja na kipimo, kwa Kiswahili. "Kifuniko kimoja" si maelekezo. Kifuniko cha mililita 5 cha dawa ya asilimia 3.5 hufikisha ndoo karibu miligramu 9 kwa lita, nayo familia itayamwaga maji kwa harufu. Nanyi wanafunzi, mkikutana na kanuni, itafutieni ndoo yake kabla ya mtihani.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia mama. Mkononi nilikuwa na karatasi, nikamsomea hesabu yote, hatua kwa hatua, hadi matone 23. Alisikiliza akiwa ameshika tama, kisha akauliza: "Na chupa ikiwa ya asilimia moja?"

Tukaikokotoa pamoja. Miligramu 10 katika kila mililita, mililita 4, matone 80. Yeye ndiye aliyefika kwanza.