Bulat: Neno Lililosafiri

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Hata hivyo, asili ya neno si jambo jepesi kuamuliwa, kwani neno husafiri kama mfanyabiashara, likilala kwa huyu na kuamkia kwa yule. Mfano bora ni bulat, neno kongwe la Kirusi linalotaja chuma cha pua chenye michirizi kama mawimbi, ambacho kilifuliwa panga zilizosifika kwa makali yake.

Sauti ya neno hilo humvuta mtu upesi kuwakumbuka Wabulgari wa kale waliokaa kando ya mto Volga. Lakini mfanano wa sauti pekee si ushahidi. Wanaisimu wengi, akiwemo Max Vasmer katika kamusi yake ya etimolojia ya Kirusi, hulirejesha kwenye neno la Kiajemi pulad, lililopitia lugha za jamii ya Kituruki. Umbo lenyewe ndilo shahidi: Watatari husema bulat na Wakazaki bolat, yaani p ya mwanzo imekuwa b, na d ya mwisho imekuwa t. Waarabu nao, kwa kukosa sauti p, walitamka fuladh, na kwa njia hiyo Kiswahili kikapata fuladi.

Wapo wanaoivuta asili hiyo mbali zaidi hadi India, kwa hoja kwamba chuma hicho kiliyeyushwa huko tangu kale katika vyungu vya udongo. Hoja hii ina walakini, kwani asili ya kitu si lazima iwe asili ya jina lake. Isitoshe, tanuri za kuyeyushia chuma cha namna hiyo, za karne ya 9 na ya 10, zimefukuliwa Merv, katika Turkmenistan ya leo.

Warusi hawakupokea jina tu. Pavel Anosov alifanya majaribio ya miaka mingi mjini Zlatoust, katika milima ya Ural, akachapisha matokeo yake mwaka 1841. Neno likawa hata jina la mtu: mshairi Bulat Okudzhava (1924–1997) aliitwa hivyo. Pamoja na hayo yote, Kirusi hakikugeuka kuwa Kiajemi. Kwa mizani iyo hiyo, anayekiita Kiswahili Kiarabu kwa sababu ya fuladi na wenzake, ilhali ngeli na viambishi vyake ni vya Kibantu, ameupima upanga kwa ala yake.