Siku Tatu Katika Ghala la Buger

Sisi watu wa mjini tukitaka kupumzika na watoto wetu, aghalabu huelekea pwani. Nasi hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yetu. Lakini shule zilipofungwa mwezi wa Juni tulishauriana nyumbani, tukaona yafaa watoto waijue na bara yao. Basi tukaazimia kwenda Buger, kata iliyo kusini ya mji wa Karatu, kando ya Msitu wa Marang'. Rafiki yetu mmoja alikuwa ametwambia kwamba huko yuko mzee wa Kiiraqw aliyeligeuza ghala lake la zamani kuwa nyumba ya wageni.

Tulitoka Arusha baada ya sala ya Alfajiri, sisi wazazi wawili, bibi yao watoto, na watoto watatu. Kutoka Makuyuni njia hufuata magharibi hata Mto wa Mbu, kisha huupanda ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa. Huko juu magari husimama, na msafiri hulitazama Ziwa Manyara lote chini yake, likimeta kama sinia la fedha. Mtoto wetu mdogo akasema, "Maji yote haya! Watu wa huku hawajui shida."

Tukamweleza kwamba maji yale hayanyweki. Ziwa Manyara halina mto utokao ndani yake kwenda baharini. Maji huingia, jua huyakausha, na magadi hubaki. Heroe huyapenda, kwa kuwa humo hupata chakula chao, lakini mwanadamu hayamfai kwa kiu. Na Ziwa Eyasi, lililo upande wa magharibi, nalo ni la magadi vile vile. Kwa hiyo nchi ya Karatu i kati ya maziwa mawili, na hakuna hata moja limwondoleaye mtu kiu. Mtoto alinyamaza, lakini hatudhani kwamba alisadiki.

Kutoka Karatu tulishika njia ya vumbi jekundu, tukapita mashamba ya ngano, ya ngwara, na ya mahindi yaliyokauka yakingoja kuvunwa. Mwenyeji wetu alitupokea mlangoni. "Karibuni, wageni wetu, hapa ni kwenu," akasema. Yeye ni Mkristo, na bila ya kuulizwa alituletea jogoo mzima pamoja na kisu kikali, ili tumchinje wenyewe. Bibi yao watoto alimwombea dua kwa adabu hiyo.

Ghala lenyewe ni la matofali ya kuchoma na paa la mabati, lenye mlango mpana ambao zamani mikokoteni iliingia nao. Sasa yametobolewa madirisha manne, na pale palipopangwa magunia pana vitanda. Ngazi ya mbao yapanda darini, ambako watoto walilala, wakisema kwamba wasikia harufu ya mahindi mpaka leo. Ukutani zimebaki alama za mkaa alizotia baba yake mwenyeji wetu, kila gunia lililoingia alama moja na kila lililotoka alama moja. Watoto walizihesabu hata wakachoka.

Kibla kule ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Tulipojipanga kwa sala, milima ya Ngorongoro ilikuwa upande wa mbele yetu. Tukaswali kama wasafiri, na nyoyo zetu zikatulia.

Nyumbani mle hamna bomba. Kando ya mlango palikuwa na pipa la maji, na mzee alikuwa ametwambia kwamba maji yale ni ya kutufikisha adhuhuri ya siku ya pili. Sisi tulisikia kwa masikio tu. Watoto walitawadha kama watawadhavyo nyumbani, mmoja akimmiminia mwenzake kopo baada ya kopo, na udongo mbele ya mlango ukawa tope. Nasi wakubwa hatukuwakataza, kwa kuwa nasi tulifanya karibu na hivyo. Baada ya sala ya Isha tulitazama ndani ya pipa, tukaona chini yake.

Tulikwenda kwa mzee kumweleza, tukidhani kwamba ni jambo dogo. Mzee hakulaumu. Alimwita binti yake, akamwambia afunge madumu juu ya punda. Binti alinyanyuka, lakini mama yake akamshika mkono, akasema neno kwa Kiiraqw. Tulipouliza tukaambiwa kwamba wakati wa usiku tembo hutoka msituni, na njia yao hupita karibu na chemchemi. Wenyeji hawaendi huko gizani. Mzee alikuwa tayari kumtuma mwanawe kwa ajili ya heshima ya wageni, nasi ndio tulioyamwaga maji chini.

Tulikataa katakata. Tukarudi ghalani, na usiku ule hatukulala vyema. Alfajiri tulitayamamu kwa udongo safi, sisi sote sita, na Mwenyezi Mungu ametufanyia wepesi katika jambo hilo. Hata hivyo tulijua kwamba ruhusa ile tumeihitaji kwa israfu yetu wenyewe.

Jua lilipochomoza tulifuatana na binti yule na punda wake wawili. Watoto waliona nyayo za tembo zilizojaa umande, kila moja pana kuliko sinia letu la wali. Wakayachota maji, wakayabeba madumu madogo njia nzima ya kurudi, wakipumzika mara nyingi, na hakuna aliyemwaga tone.

Njiani mzee alitufundisha habari ya msitu. Miti ile ya mlimani huzuia mvua na ukungu, na udongo wake hunywa maji taratibu na kuyatoa taratibu, ndiyo maana chemchemi hutiririka hata wakati wa kiangazi. Siku hizi Msitu wa Marang' ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960. Tulimuuliza kama afurahi kuwa jirani ya hifadhi. Akacheka. "Tembo siwapendi," alisema. "Hunilia mahindi, na usiku hunifanya mlinzi. Lakini msitu ukiisha, tutahama sisi wala si tembo."

Siku mbili zilizobaki tulitembea mashambani, tukapika pamoja na wenyeji wetu, na pipa letu halikuisha. Tulipoagana mzee alikataa nyongeza ya fedha. Tulimwachia binti yake madumu mawili mapya tuliyoyanunua Karatu.

Tuliporudi Arusha, bibi yao watoto alikitoa jikoni kibaba chake cha kupimia mchele, akakiweka kando ya bomba. Aliwakumbusha wajukuu wake kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kadiri ya kibaba kimoja cha maji, na kuoga kwa kadiri ya pishi. Sote tulikuwa tumeisoma habari hiyo chuoni tukiwa wadogo, na hakuna kati yetu aliyepata kuijaribu. Siku ya kwanza mtoto mkubwa alitumia vibaba vitatu. Sasa amefika kimoja na nusu, na mdogo wake ashindana naye.

Atakayekwenda Buger na jamaa zake achukue nguo nzito, kwa maana usiku wa Juni kule ni baridi kali. Afikapo aulize kwanza maji yatoka wapi, na ni nani ayachotaye.