Photoshop Iligoma Siku ya Msiba

Photoshop ikiganda, wengi wetu tunakimbilia kulaumu kirusi. Bibi alipofariki Butiama, picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, imekunjwa, na mazishi ni kesho yake saa nane. Niliiskani Musoma mjini, nikaanza kuisafisha kwenye kompyuta yangu ya RAM gigabaiti 4. Kila nikigusa mkunjo wa shavuni, inaganda. Rafiki yangu wa Bunda akasema kwa simu, "We piga Windows upya tu." Wapi! Usiku huo huo?

RAM ikijaa, Photoshop huandika kazi yake kwenye diski. Sasa diski C ilikuwa imebaki na megabaiti 600, kwingine kote muvi za mwenzangu wa chumbani (misimu mizima ya Kikorea!). Nikazihamishia kwenye flashi, nikaingia kwenye mipangilio nikaizuia programu isitumie kadi ya picha, maana kwenye mashine kuukuu nayo husumbua, nikaifungua upya. Ikatembea.

Saa tano usiku mkunjo uliisha. Mama akasogea, akaitazama muda mrefu.

"Hilo kovu la kwenye paji usiliguse. Ni lake."

Nikaliacha.