Waya mmoja, simu mbili

Nilikuwa Kagongwa, na nimerudi na kisa ambacho kimeniganda kichwani hadi nikitue hapa.

Kwa wasiopajua, Kagongwa ipo Kahama, mkoani Shinyanga, kwenye barabara kuu inayotoka Isaka kwenda Kahama mjini na kuendelea hadi Rwanda na Burundi. Ni mji wa mpunga. Ukila ubwabwa wa Kahama ukausifia, huenda ulikobolewa kwenye mashine za pale. Mimi nilikwenda kuandika habari za bei ya mchele, kazi ya siku mbili, rahisi kabisa.

Usiku umeme ukakatika pale gesti. Nikalala nikitumaini utarudi, haukurudi. Asubuhi mhariri akapiga: kuna duara limetitia kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, upande wa kuelekea Geita, watu wawili wako chini, nenda sasa hivi. Nikatazama simu: asilimia 11. Na simu hiyo ndiyo kamera, ndiyo kinasa sauti, ndiyo ofisi yangu yote. Kompyuta nilikuwa nayo begini, nayo imezimika.

Nikakimbilia kijiwe cha bodaboda. Kijana mmoja akaniita, "Bosi, twende," tukapatana nauli, nikapanda. Hapo ndipo nikaona neema: pembeni ya usukani fundi alikuwa amemfungia tundu la USB. Simu yake ilikuwa imechomekwa.

"Kaka, naomba nichaji kidogo," nikamwambia. "Nikifika huko simu ikizima, safari yote bure."

Akaitazama yake, akaitazama yangu. "Yangu ina nne. Ila chaji wewe, ya kwako ndiyo ya kazi." Akaichomoa, akaitia mfukoni. Nikasema asante, tukaondoka.

Sasa niwape hesabu, maana wengi tunadhani pikipiki ni mtambo wa umeme. Betri ya pikipiki nyingi za bodaboda ni ya volti 12, ndogo tu. Kile kitundu kinazishusha hadi volti 5 zinazotakiwa na simu. Cha kwake kilikuwa cha aina ya zamani, cha ampea moja, yaani wati 5. Simu yenye betri ya 5,000 mAh inabeba kama wati-saa 19. Piga mahesabu mwenyewe: hata kama hakuna kinachopotea njiani, ni karibu saa nne kuijaza. Ongeza waya unaochezacheza kwenye mashimo, ongeza simu inayohangaika kutafuta mtandao porini, nayo inakula chaji kuliko kawaida. Kompyuta ndiyo usiiwaze kabisa, nyingi zinataka wati 45 au zaidi. Na injini ikizimwa, usiendelee kunyonya betri, utakuja kupiga kiki jua la saa saba.

Baada ya saa moja na nusu ya vumbi nilikuwa na 34. Zilitosha. Wale wawili walitolewa hai, mmoja kavunjika mguu. Nikapiga picha, nikarekodi wenzao, nikatuma kila kitu. Wakati wa kurudi yangu ilikuwa imebaki 9, mhariri anadai picha zaidi, nikaichomeka tena. Safari hii hata sikuuliza.

Tukaingia Kagongwa jua linazama. Pale kijiweni alikuwa amesimama mama mmoja muuza mchele, kanga kiunoni, na alikuwa anamsubiri dereva wangu.

"Nimekupigia tangu saa sita," akamwambia. "Mtoto alikuwa anachemka, nakupigia haupatikani. Si uliniambia nikupigie saa yoyote?"

"Mayu, simu ilizima."

"Ina maana pikipiki yako haichaji?"

Kijana akanyamaza. Angeweza kunionyesha kidole mimi, hakufanya hivyo. Simu yangu ilikuwa bado imening'inia kwenye ule waya, asilimia 38, inawaka taa. Nikasema mimi ndiye niliyeshika waya. Mama akanitazama kutoka viatu hadi begi. "Pole na kazi, mwanangu," akasema, na ile pole naisikia hadi leo.

Mtoto alikuwa amepelekwa zahanati na bodaboda mwingine, akapewa dawa, anaendelea vizuri. Namshukuru Mungu. Lakini mama alishachukua namba ya yule mwingine.

Nikamlipa kijana nauli na nyongeza. Akapokea, hakujifanya. Akahesabu, akasema, "Wabeja, kaka. Hela yako imeingia, ila mteja katoka."

Habari yangu ilitoka kesho yake: aya nne, ukurasa wa ndani.

Nimeliwaza sana lile neno lake, kwamba ya kwangu ndiyo ya kazi. Nilikubali haraka kwa sababu nami niliamini hivyo. Nina shahada, nina kitambulisho shingoni, kwa hiyo simu yangu ina haraka kuliko ya dereva. Wakati tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008 hadi leo, simu ya mtu kama yule imekuwa mfuko wake wa nauli, na ndiyo kijiwe chake cha pili. Ikizima, amefunga duka.

Siku hizi natembea na pawabenki ya 10,000 mAh, naijaza usiku kabla umeme haujapata sababu. Msidanganyike na namba ya kwenye ganda: nishati nyingine inapotea kwenye joto na kubadilisha volti, kwa hiyo simu ya 5,000 haijai mara mbili. Natembea pia na waya wa ziada, na nikiwa njiani napunguza mwanga wa kioo na kuzima data nisiyoihitaji.

Na nikipanda bodaboda, baada ya kupatana nauli, nauliza: "Kaka, simu yako ina asilimia ngapi?" Wengi wanacheka, wanadhani nataka kuomba chaji.