Ndege Haikuchelewa

Familia yetu inaamini mpaka leo kwamba siku ya kupokea posa ya binti wa kaka yangu, kule Temeke, nilicheleweshwa na ndege. Si kweli. Ndege iliondoka Kigali kwa saa yake na ikatua Dar es Salaam kwa saa yake. Mchelewaji ni mimi, na msingiziaji ni mimi.

Kosa lilianzia kwenye tiketi ya kwenda. Kuondoka Dar es Salaam 10:20, kufika Kigali 11:10. Nikapata dakika hamsini, nikaanza kutamba kijiweni kuwa Kigali ni karibu kuliko Mwanza. Ndani ya ndege nililala kabla hatujapaa, na niliposhuka, saa ya uwanjani ilikuwa ileile ya kwenye tiketi. Nikaridhika.

Tiketi huandika saa za kila mji kwa majira ya mji huo, na Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Basi tuseme hilo lilinipita, umbali je? Dar hadi Kigali kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,140. Kuzimaliza kwa dakika hamsini, ndege ingebidi iende zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa, yaani iipite sauti. Concorde iliyoweza hayo ilistaafishwa mwaka 2003. Ndege za kawaida hukata kilomita 800 hivi kwa saa zikishatulia angani; weka na muda wa kujivuta kwenye lami, kupanda na kushuka, unakaribia saa mbili. Mtoto wa darasa la saba angeipata hesabu hii. Na mimi nimesomesha hisabati.

Tiketi ya kurudi sikuimaliza kuisoma. Niliona kuondoka 15:10, nikajumlisha hamsini zangu, nikampigia kaka: "Saa kumi nipo Dar, saa kumi na moja nipo mlangoni kwako. Wageni waje tu." Baba mdogo ndiye msemaji, bila mimi barua haifunguliwi.

Tulipotua nikawasha simu. Ikasoma 16:58. Nikashangaa tumekaa angani muda wote huo. Mara tarakimu zikaruka zikawa 17:58, na jina la kaka likajaa kwenye kioo, simu juu ya simu. Abiria wa pembeni akacheka: "Umerudi kwenye saa za nyumbani, mzee."

Foleni ya pasipoti, foleni ya Barabara ya Nyerere. Nilipoingia Temeke washenga walishakunywa chai mara mbili na mazungumzo yamewaishia. Mzee wao akaniuliza kwa adabu kama nilipata tatizo njiani. Ningesema ukweli tungecheka, yakaisha. Nikasema ndege imetuweka Kigali saa mbili nzima, nikatia na chumvi: hata radhi hatukuombwa.

Uongo ule ulisafiri kuliko mimi. Shemeji, mke wa kaka, alipokwenda Kigali kumuuguza dada yake, aliikataa ndege akapanda basi: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, hadi daraja la Rusumo, barabara inayokaribia kilomita 1,500. Alifika miguu imevimba. Akanipigia kunishukuru kwa kuwa niliwatahadharisha mapema. Nikaitikia, "Usijali, shemeji."

Shemeji, ndege ile ilitua dakika mbili kabla ya muda wake. Hilo la miguu nitakuja tulizungumze, na kaka awepo.